Poké Ball huamuaje? Hesabu iliyo nyuma ya mitikisiko mitatu

Mpira ukitikisika mara tatu kisha ukafunguka, mchezaji wa Pokémon, michezo ya video ya kunasa viumbe kwa mipira iitwayo Poké Ball, huona kwamba nusura amnase kiumbe. Hutupa mwingine haraka, na mwingine tena, hadi begi libaki tupu. Mitikisiko ile ina maana, ila si maana anayoidhani. Ni matokeo ya hesabu fupi, na anayeielewa hujua lini aendelee kutupa na lini aweke mipira chini kwanza amshughulikie kiumbe.

Nianze na chombo chenyewe. Poké Ball ya kawaida ni nusu mbili za tufe, nyekundu juu na nyeupe chini, zenye kitufe katikati kwa mbele. Kitufe kikibonyezwa, mpira mdogo hukua ukajaa kiganjani. Ukimgusa kiumbe, hufunguka, kiumbe hugeuka nishati na kuvutwa ndani. Pokémon Legends: Arceus ya 2022, ambayo hadithi yake ni ya zama za kale katika nchi ya Hisui, inaeleza kwamba uwezo wa kusinyaa ni wa Pokémon wenyewe, mpira huutumia tu. Huko mkufunzi hujitengenezea Poké Ball kwa tunda 1 la Apricorn na jiwe 1 la Tumblestone. Katika eneo la Johto, mzee Kurt wa Azalea Town huchonga mipira kwa matunda yayo hayo ya Apricorn, na rangi ya tunda ndiyo huamua aina ya mpira: nyeusi hutoa Heavy Ball, buluu Lure Ball, waridi Love Ball. Kiwandani, jina kubwa ni Silph Co. ya Saffron City, walikotengeneza Master Ball.

Ukiacha Master Ball, ambayo haikatai kitu, mipira yote ina sharti moja: kiumbe aliye ndani anaweza kupambana akatoka. Nguvu ya kupambana huko ndiyo gemu inayoipima.

Nitaeleza fomula ya kizazi cha tatu cha michezo hii, yaani Ruby na Sapphire za 2002, kwa sababu ndiyo nyepesi kuishika na ndiyo msingi wa zilizofuata. Chukua HP kamili ya kiumbe, yaani pointi zake za uhai, uizidishe kwa 3, kisha toa HP aliyobaki nayo mara 2. Zidisha jibu kwa kiwango cha kunaswa cha aina hiyo, na kwa nguvu ya mpira. Gawanya kwa HP kamili mara 3. Mwisho tazama hali yake: akiwa amelala au ameganda, zidisha kwa 2, akiwa amepooza, ameungua au ana sumu, zidisha kwa 1.5. Jibu tuliite X. Likifika 255, kiumbe ni wako bila mjadala. Lisipofika, nafasi yako ni takriban X kugawanya kwa 255.

Kiwango cha kunaswa ni namba ya kudumu ya kila aina. Caterpie na Magikarp wana 255, Pikachu 190, Pokémon wa kuanzia safari 45, Snorlax 25, Mewtwo 3. Nguvu ya mpira ni 1 kwa Poké Ball, 1.5 kwa Great Ball, 2 kwa Ultra Ball.

Sasa tumweke Snorlax mwenye HP 150 mezani na tumtupie Ultra Ball. Akiwa mzima kabisa, X ni 16, nafasi ni asilimia 6. Mpunguze hadi HP 1, X inakuwa 49, nafasi asilimia 19. Akiwa na HP 1 na amelala, X ni 98, nafasi asilimia 38. Mpira ni uleule. Kilichobadilika ni hali ya kiumbe, na nafasi imepanda mara sita. Kuhama kutoka Poké Ball hadi Ultra Ball kunakupa mara mbili tu. Kwa hiyo anayetumia pesa zake zote kununua Ultra Ball huku akiwatupia Pokémon wazima analipia sehemu ndogo zaidi ya hesabu.

Jambo moja ambalo wengi hawalioni: kwenye vizazi hivi mashine hukata desimali katika kila hatua. Kwa Snorlax haliumizi. Kwa Mewtwo linauma sana, kwa sababu namba zake ni ndogo. Akiwa na HP 1 na amelala, Ultra Ball ingempa X ya karibu 12, lakini ukataji unaiacha 10. Great Ball inaanza na 3 mara 1.5, yaani 4.5, inakatwa kuwa 4, inakatwa tena kuwa 3, halafu usingizi unaifanya 6. Kwenye karatasi Ultra inaizidi Great kwa theluthi moja. Kwa Mewtwo inaizidi kwa theluthi mbili.

Turudi kwenye mitikisiko. X ikishapatikana, gemu hutafuta kipeuo cha nne cha X/255 na kukigeuza kizingiti. Kisha huchota namba nasibu kati ya 0 na 65535, mara nne. Kila namba iliyo chini ya kizingiti ni ushindi mmoja. Ya kwanza kushindwa huufungua mpira. Ushindi mmoja mmoja wa mara tatu za kwanza ndio unaouona kama mtikisiko, na wa nne ndio ule mlio wa kufungwa.

Kwa Snorlax mzima wa asilimia 6, kila mchoto una nafasi ya asilimia 50. Ni kama kurusha sarafu mara nne na kutaka upande uleule kila mara. Ndiyo maana nusu ya mipira hufunguka bila hata mtikisiko mmoja. Kwa Mewtwo mwenye X ya 10, kila mchoto ni asilimia 44. Ukizidisha, nafasi ya kumnasa ni asilimia 3.9, ilhali nafasi ya mpira kutikisika mara tatu na kufunguka ni asilimia 4.9. Yaani kwa Mewtwo, ile "nusura" hutokea mara nyingi kuliko kumpata. Haikwambii kwamba umekaribia. Mpira unaofuata huanza upya na asilimia ileile 3.9.

Idadi ya kubeba nayo hutoka hapo. Asilimia 3.9 ni mpira mmoja kati ya 25 kwa wastani, lakini mwenye mipira 25 kamili bado ana asilimia 37 za kutoka mikono mitupu. Ukitaka uhakika wa asilimia 95, beba kama 75. Au badilisha mpira: Timer Ball, ambayo nguvu yake hupanda kadiri zamu za pambano zinavyopita, ikikomaa ina nguvu ya 4, X inafika 22, na nafasi inapanda hadi asilimia 8.6. Katika vizazi vya tatu na nne huhitaji zamu 30 ili ikomae; kuanzia kizazi cha tano, zamu 10 zinatosha. Kwa viumbe wa kiwango cha 3, mimi husema nunua Timer Ball kabla ya Ultra Ball, halafu kuwa na subira.

Mipira ya masharti ndiyo yenye faida kubwa kuliko inavyopewa heshima. Net Ball ina 3 kwa Pokémon wa aina ya Bug (wadudu) na Water (maji), na ilipandishwa hadi 3.5 katika Sun na Moon za 2016. Dusk Ball, ya usiku na mapangoni, ilianza na 3.5 katika Diamond na Pearl za 2006, sasa ni 3. Quick Ball hufanya kazi zamu ya kwanza pekee, kwa nguvu ya 4 mwanzoni na 5 tangu kizazi cha tano. Hesabu yake inafurahisha: kiumbe mzima huchangia theluthi moja ya fomula, kwa hiyo 5 kugawanya kwa 3, mara 153, ni 255 kamili. Yeyote mwenye kiwango cha kunaswa cha 153 au zaidi hunaswa na Quick Ball ya zamu ya kwanza bila kuguswa. Pikachu yumo. Kumpiga kwanza ni kupoteza muda, na pengine kumwangusha. Beast Ball ni kinyume chake: 5 kwa Ultra Beast, kundi maalumu la Pokémon, lakini 0.1 kwa wengine wote, na mipira mingine ikiwatupiwa Ultra Beast hushuka hadi 0.1. Luxury Ball na Premier Ball zina 1 tu. Urembo wake hauongezi chochote hapa.

Michezo ya mwanzo ina kanuni zake, na anayeicheza leo asilete mazoea ya baadaye. Katika kizazi cha kwanza, kilichoanza Japani 1996, gemu huchota namba ya kwanza kati ya 0 na 255 kwa Poké Ball, 0 na 200 kwa Great Ball, 0 na 150 kwa Ultra Ball. Kiumbe akiwa amelala au ameganda, 25 hutolewa kwenye namba hiyo. Hali nyingine hutoa 12. Ikishuka chini ya sifuri, amenaswa hapohapo, bila HP kuangaliwa. Kwa Mewtwo aliyelala, Ultra Ball inampata kwa njia hiyo peke yake mara 25 kati ya 151, karibu asilimia 17. Ukimshusha hadi theluthi ya HP unaongeza asilimia 2 hivi tu. Usingizi ndio kila kitu hapo.

Namba isiposhuka chini ya sifuri, lazima isizidi kiwango cha kunaswa, halafu kuna mchoto wa pili wa HP, ambao kigawanyo chake ni 12 kwa mipira yote isipokuwa Great Ball, yenye 8. Matokeo yake ni ya ajabu: kiumbe mzima mwenye kiwango cha 255, bila hali yoyote, hunaswa na Great Ball asilimia 50, na Ultra Ball asilimia 34 tu, sawa na Poké Ball. Great Ball hufika kilele HP ikiwa nusu, nyingine ikiwa theluthi. Chini ya hapo kumpunguza hakuleti kitu. Mitikisiko ya kizazi hicho hukokotolewa kivyake baada ya gemu kuamua kwamba umekosa.

Gold na Silver za 1999 zilikuja na hitilafu katika msimbo. Kupooza, kuungua na sumu havisaidii chochote kumnasa kiumbe. Moon Ball, iliyokusudiwa wanaobadilika kwa Moon Stone, inakagua Burn Heal, dawa ya kuungua, badala yake, kwa hiyo huko haimsaidii mtu. Love Ball inawapa nyongeza wa jinsia moja badala ya jinsia tofauti. Fast Ball inawatambua watatu pekee: Magnemite, Grimer na Tangela. Kwenye michezo hiyo tumia Apricorn zako kwa Heavy, Level au Lure.

Mabadiliko makubwa ya baadaye yalikuja kwa upole. Usingizi na kuganda vilipandishwa hadi 2.5, na kufikia michezo iitwayo X na Y ya 2013 nafasi ni ile X yetu kugawanya kwa 255, kwa kipeo cha 0.75. Kipeo hicho huwainua walio chini: Snorlax mzima kwa Ultra Ball ametoka asilimia 6 hadi 13, Mewtwo aliyelala na HP 1 ametoka 3.9 hadi 12 hivi. Tangu Black na White za 2010 kuna pia unasaji wa ghafla, mpira unaotikisika mara moja tu, na nafasi yake hupanda kadiri ulivyonasa aina nyingi. Mwenye aina 30 au pungufu haupati kabisa. Hata mwenye zaidi ya 600, kwa Mewtwo huyo, huuona kwa asilimia 2 hivi, na hata ukitokea bado kuna mchoto mmoja wa kupita. Usiutegemee.

Kubonyeza A kwa kufuatisha mitikisiko, au kushikilia B na chini, hakubadilishi kitu. Fomula haisomi vitufe.

Maandalizi basi. Unahitaji shambulio la False Swipe, ambalo huacha HP 1, na njia ya kumlaza kiumbe. Breloom anaweza vyote viwili, kwa Spore, shambulio la kulaza lisilokosa. Gallade ana Hypnosis, ambayo hukosa mara nyingi. False Swipe haiwagusi Pokémon wa aina ya Ghost, na tangu michezo ya X na Y Spore haiwashiki wa aina ya Grass, kwa hiyo kuwa na kupooza kama akiba. Sumu na kuungua zinatoa 1.5 kwenye karatasi, lakini humla kiumbe kila zamu, na mwenye HP 1 hafiki zamu ya pili.

Beldum ndiye mtihani wa haya yote. Kiwango chake ni 3, na hadi kizazi cha saba shambulio lake ni Take Down pekee, ambalo humrudishia robo ya madhara anayotoa. Ukimshusha hadi HP 1 ukamwacha ashambulie, anajiua. Mlaze kwanza, mpunguze akiwa usingizini, kisha ingiza Ghost kabla hajaamka: Take Down haiwagusi Ghost, hivyo hakuna madhara ya kumrudia. Take Down ina PP 20, yaani mara 20 za kuitumia, zikiisha anatumia Struggle, na Struggle inamwangusha. Hesabu kila Take Down tangu ya kwanza. Zamu anazolala hazili PP, na Timer Ball ya kizazi cha tano na kuendelea huwa imekomaa kwenye zamu ya 10, kwa hiyo ukilivuta pambano kwa usingizi unabaki na angalau mitupo kumi ya nguvu kamili.