Kromosomu ya nyasi za mwitu, mgeni asiyegawanyika sawa

Juzi niko Marikiti nanunua unga wa chapati, mama muuzaji kujua tu nafanya kazi ya mbegu akanitupia swali: "Mwanangu, kama hiyo kutu ya ngano haizigusi nyasi za porini, si mzizalishe na ngano tu yaishe?" Sikuweza kulimaliza pale, wateja walikuwa foleni, so naliandika hapa. Kutu yenyewe ni ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngano.

Kuzizalisha tunazizalisha kitambo mama. Ngano ya mkate ina kromosomu 42 (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba jeni, yale maelekezo ya sifa za mmea), yaani jozi 21, na ina mabinamu wa mwitu wanaitwa Aegilops, wenye jeni za kuzuia kutu. Unapata chotara, unamrudisha kwa ngano kizazi baada ya kizazi, mpaka unabaki na ngano kamili pamoja na kromosomu moja tu ya mgeni. Hapo ndo balaa.

Manake kromosomu hugawana kwa jozi, huyu huku mwenziwe kule, na mgeni hana mwenzi. Seli ikigawanyika anabaki katikati kama mtu aliyeachwa na feri ya Likoni, na mara nyingi anapotelea hapohapo. Ungetarajia nusu ya mayai ya mmea, yaani seli za kike, yambebe, wapi, ni kama robo tu, na kwa chavua ni pabaya zaidi, chavua yenye mzigo wa ziada inapitwa mbio na zile za kawaida. Usipopima kila kizazi, misimu michache tu jeni uliyoihangaikia haipo.

Halafu kuna kromosomu za kigeni ambazo ni wabishi (hawa mimi wananifurahisha, sijui kwa nini). Aegilops sharonensis ina kromosomu moja ambayo haikubali kuachwa, yai au chavua isiyokuwa nayo inakatikakatika kromosomu zake inakufa, kwa hivyo karibu watoto wote wanazaliwa nayo utake usitake. Kama imebeba na sifa mbovu basi umeshikwa. Ila mtafiti Endo wa Japani akaona dili: kromosomu kama hiyo ya Aegilops cylindrica ina ukali wa kiasi, inavunja bila kuua yote, na mwaka 1996 yeye na mtafiti mwenzake Gill wakatangaza vipande 436 tofauti vilivyokatwa kwenye aina ya ngano iitwayo Chinese Spring. Mmea ukikosa kipande na sifa fulani ikapotea, unajua jeni ilikaa hapo. Ujanja huo naupenda.

Tunachotaka sisi lakini ni jeni, si kromosomu nzima. Mtafiti Sears huko Marekani mwaka 1956 alipiga mimea eksirei mpaka kipande cha Aegilops umbellulata chenye kinga ya kutu ya majani kikahamia kwenye kromosomu ya ngano, na kikishahamia kinagawanywa na jozi kama kawaida, hakipotei ovyo.

Na bado kutu nayo hailali. Ug99, aina ya kutu ya shina, ilionekana Uganda 1998, ikaivunja jeni ya Sr31, kinga iliyotoka kwenye nafaka ya rai na iliyokuwa imeshatapakaa kwenye ngano za nchi nyingi, ndo maana mpaka leo ngano za kila pembe zinaletwa Njoro hapa Kenya kupimwa shambani.