Sekunde chache za Leslie Manser

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, grisi mpaka viwikoni, aliniuliza: "Mwalimu, injini moja ikizima si ipo ya pili?" Kwa ndege tunazozishika sisi hapa, mara nyingi ndiyo, ipo, na utafika. Mimi nikamsimulia habari za Leslie Manser, rubani wa Uingereza katika Vita ya Pili ya Dunia.

Manser alizaliwa New Delhi, Mei 1922, wazazi wake wakiwa Waingereza. Vita ilipoanza alijaribu jeshi la nchi kavu, akakataliwa. La majini, akakataliwa. La anga likampokea mwaka 1940. Usiku wa Mei 30, 1942, siku 19 tu tangu atimize miaka 20, alipaa kwenda kushambulia Cologne, mji wa Ujerumani. Arthur Harris, mkuu wa ndege za mabomu za Uingereza, alitaka ndege 1,000 juu ya mji mmoja kwa usiku mmoja, na ili hesabu itimie zikakusanywa hata zile za mafunzo. Manser alirusha ndege ya mabomu aina ya Manchester, ya kuazima kutoka kikosi kingine.

Manchester ilikuwa na injini mbili za aina ya Vulture. Chukua silinda 24, zipange safu nne zenye umbo la X, kisha pistoni zote zisukume shafti moja. Kwenye karatasi inapendeza. Angani, beringi zilizobeba mzigo wote ule zilikuwa zinaungua, na injini ilichemsha hata kabla adui hajairushia chochote. Fundi aliyewahi kufungua injini iliyonoki anajua naongelea nini. Na moja ikifa, iliyobaki haikuweza kuibeba ile ndege ikiwa na mzigo.

Juu ya Cologne, Manser alimulikwa na taa za ulinzi akiwa futi 7,000 hivi. Aliangusha mabomu yake (chini watu zaidi ya 400 walikufa usiku ule, hilo nalo tusilipite), kisha mzinga ukampata. Mpiga bunduki wa nyuma akajeruhiwa, moshi ukajaa ndani. Wangeweza kuruka nje kwa miavuli (parachuti) hapo hapo na kuwa mateka, lakini Manser aligeuza kuelekea nyumbani. Walipofika futi 2,000 injini ya kushoto ikashika moto. Uliwaka dakika kumi, ukala na sehemu ya bawa, ndipo ukazimika, na injini nayo ikawa basi tena.

Hapa ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wangu. Mtumbwi ukipigwa kasia upande mmoja tu, unazunguka. Injini ya kulia ikivuta peke yake, pua ya ndege inakwenda kushoto, na rubani anaizuia kwa kukanyaga pedali ya kulia inayogeuza usukani wa mkiani. Lakini usukani unafanya kazi kwa upepo unaoupitia, kama ule wa ngalawa unavyohitaji maji yapite. Chombo kikikosa mwendo, usukani ni ubao tu. Mwendo wa Manchester ulikuwa unashuka. Mguu unafika mwisho wa pedali, pua bado inakwenda, kisha bawa la upande wa injini iliyokufa linazama na ndege inapinduka. Ukiinua mguu kabla ya hapo, inapinduka mapema zaidi.

Manser aliwaamuru wenzake sita waruke. Les Baveystock, rubani wake wa pili, alimpelekea mwavuli. Akaukataa kwa mkono, akamwambia aruke upesi, kwamba anaweza kuishikilia sekunde chache tu. Watu wengi husoma maneno hayo kama ya kishujaa. Mimi nasikia kipimo: mtu aliyekuwa akihisi kwenye unyayo wake pedali imebakiza kiasi gani.

Baveystock alitoka chini mno, mwavuli wake haukupata hata nafasi ya kufunguka sawasawa. Mfereji wa maji ndio uliompokea. Ndege ilianguka karibu na Bree, Ubelgiji, Manser akiwa ndani. Mmoja wa wale sita alikamatwa. Watano walipitishwa kwa siri na raia mpaka Gibraltar, ngome ya Waingereza kusini mwa Hispania, wakarudi Uingereza, na ushahidi wao ndio uliompa Manser Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, Oktoba ile.

Aina ya Manchester ilifanya shambulio lake la mwisho Juni 25, 1942. Bodi lake liliongezewa mabawa na kufungwa injini nne za Merlin, likaitwa Lancaster. Baveystock baadaye alikamata usukani mwenyewe, na mwaka 1944 akazamisha nyambizi za Kijerumani.