Mtumishi anayestaafu kwa ugonjwa hukwama wapi

Anayestaafu kwa umri, tarehe yake inajulikana tangu siku aliyoajiriwa. Akikaribia miaka 60, jalada lake linakuwa limeshapitiwa mapema. Anayeondolewa kazini na ugonjwa hana tarehe. Kwa miaka yote niliyokaa dawati la utumishi hapa Mwanza, mafao yaliyonikosesha usingizi ni ya wagonjwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hicho ni kiwango cha chini. Lakini mwenye mshahara wa 900,000 akishuka hadi 450,000, rejesho la mkopo wa benki halishuki pamoja naye, wala nauli ya meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kuja kliniki katika hospitali ya Bugando.

Baada ya hapo ndipo penye shimo. Watu huulaumu Mfuko, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, uliounganisha mifuko ya pensheni ya zamani, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, mwaka 2018. Mara nyingi Mfuko haujapokea chochote. Hauwezi kukokotoa mafao bila barua ya mwajiri inayotaja tarehe ya kukoma kwa utumishi. Mwajiri haandiki barua hiyo bila taarifa ya bodi ya madaktari, jopo linalothibitisha kwamba mtu hawezi tena kazi, na bodi haikai mpaka mwajiri aiombe. Mgonjwa yuko kitandani, hana wa kufuatilia.

Mwalimu mmoja wa visiwani, mgonjwa wa figo, hakuweza tena kupanda ngazi za ofisi. Alikuja mkewe na bahasha ya kaki. Barua ya ajira ya kwanza ilipigwa kwa taipureta, imefifia, jina la baba limeandikwa kwa "r". Kitambulisho cha taifa, cha NIDA, kinasema "l". Huku kwetu herufi hizo hubadilishana midomoni kila siku na hakuna anayejali, hadi siku majina yanapolinganishwa. Hati ya kiapo kwa wakili ilichukua asubuhi moja tu. Kilichoniuma ni kwamba taarifa ya bodi ilikuwa imelala miezi minne ndani ya jalada kwa mwajiri wake, hakuna aliyelifungua. Miezi hiyo yote mama yule alikuwa anauza dagaa kulisha watu sita. Huo ni uzembe, na siwezi kuuita jina jingine.

Kama ugonjwa au ajali imetokana na kazi yenyewe, kuna mlango wa pili: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao anachangia mwajiri peke yake. Mjulishe mwajiri mapema, kwa maandishi.

Usingoje nusu mshahara ianze. Daktari akishasema hutarudi kazini, andika barua siku hiyohiyo kuomba upelekwe kwenye bodi. Huku ukisubiri, linganisha jina lako kwenye barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, hati ya mshahara na NIDA, herufi kwa herufi. Mchague ndugu mmoja wa kufuatilia, umwandikie barua ya kumtambulisha. Na kila anachopeleka masijala, abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.