CUDA haimo ndani ya kadi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja anayesoma shahada ya pili aliniwekea kompyuta yake mezani, uso umekunjamana. "Kaka, nimepigwa. Hii kadi haina CUDA."

Kadi yenyewe, kadi ya michoro (GPU), ni Radeon RX 6700 XT ya AMD, ya GB 12, haina hata mkwaruzo. Alishapata mtu wa kuinunua kwa chini ya nusu ya bei aliyoitolea, ili aongezee mkopo achukue ya NVIDIA. Nilimwomba dakika 20 tu kabla hajatupa jongoo na mti wake.

Maneno hayo nimeyasikia dukani, nimeyasikia kwenye makundi ya WhatsApp, nimeyasikia kwa watu wanaofundisha wenzao. Safari hii sikuweza kuyaacha yapite, maana yanawatoa watu pesa wasizokuwa nazo. CUDA, ile inayozifanyisha kadi za NVIDIA hesabu nzito, si kipande cha silikoni. Haimo ndani ya kadi ya AMD, na haimo ndani ya kadi ya NVIDIA pia.

Kinachowachanganya watu ni maandishi ya kwenye boksi: kadi hii ina "viini vya CUDA" kadhaa. Hilo ni jina la biashara tu. Linataja vitengo vya hesabu, vile vinavyozidisha na kujumlisha namba za desimali za biti 32. RX 6700 XT ya kijana wetu inavyo 2,560. AMD imevipa jina lake yenyewe, basi. CUDA yenyewe, tangu ilipotoka mwaka 2007, ni programu: lugha iliyojengwa juu ya C++, kompaila yake (inayogeuza msimbo kuwa programu), draiva, na rundo la maktaba, cuBLAS ya matrisi, cuDNN ya mitandao ya neva na nyinginezo. Ni mali ya NVIDIA na maktaba kubwa zimefungwa msimbo wake. Kufuli liko hapo, kwenye programu na leseni yake.

Na anayedhani kazi nzito haiendi bila NVIDIA aangalie kompyuta kubwa za Marekani. Frontier, iliyoko Oak Ridge, mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza kwenye TOP500, orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi duniani, kuvuka kiwango cha eksaflopu, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde. Ina GPU zaidi ya 37,000 na zote ni MI250X za AMD. El Capitan iliyoipita mwaka 2024 nayo ni ya AMD.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "CUDA inaenda kwenye AMD?" namwuliza: una nini mkononi?

Ukiwa na msimbo chanzo, njia ipo na imekanyagwa na wengi. AMD wana HIP, njia yao ya kuandikia programu za GPU, ambayo kwa makusudi imefananishwa na CUDA karibu neno kwa neno. Chombo cha hipify kinapita kwenye faili zako, cudaMalloc inakuwa hipMalloc, cudaMemcpy inakuwa hipMemcpy, halafu unakompaili. Faili ya kawaida ya mistari mia kadhaa inamalizika kabla chai haijapoa. Wapo pia Spectral Compute, ambao mwaka 2024 walitoa SCALE, kompaila inayosoma msimbo wa CUDA ulivyo na kutoa programu ya AMD bila kubadilisha jina lolote. Kazi huwa ngumu pale mwandishi alipochomeka PTX, yaani lugha ya chini ya NVIDIA, katikati ya C++ yake. Hapo hipify inanyoosha mikono na wewe unaandika upya.

Ukiwa na programu iliyokwisha kukompailiwa tu, bila chanzo, hapo ndipo inapoingia ZLUDA ya Andrzej Janik. Inajifanya maktaba ya CUDA, inapokea PTX iliyomo ndani ya programu, na kuigeuza kuwa maelekezo ya kadi nyingine. Ilianza mwaka 2020 ikilenga kadi za Intel. Baadaye AMD wakaigharimia kimyakimya, wakaacha, ikatolewa wazi Februari 2024. Agosti mwaka huohuo AMD wakataka msimbo huo uondolewe. Janik akapata mfadhili mwingine, akarudi kuanzia msimbo wa kabla ya AMD. Nayasimulia haya kwa sababu kila wiki napokea ujumbe wa "weka ZLUDA tu". Ni kazi ya ustadi mkubwa na namheshimu sana aliyeifanya, ila chombo kilichopita mikono mingi hivyo sikiwekei kazi ya mteja. Halafu kuna leseni: NVIDIA wameandika katika masharti ya CUDA kwamba hairuhusiwi kuchambua matokeo ya kompaila yao kwa nia ya kuyatafsiri yaende kwenye jukwaa lisilo lao. Watu hunijibu kwa kesi ya Google na Oracle ya mwaka 2021, ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliona Google walitumia kihalali sehemu za Java. Kesi ile ilihusu hakimiliki ya API, yaani majina na mpangilio wa amri ambazo programu huitana nazo. Mkataba uliobofya "nakubali" ni jambo jingine. Mwenye kampuni amwulize wakili wake.

Lakini kijana wangu hakuhitaji lolote kati ya hayo. Alikuwa anatumia PyTorch, maktaba ya kufundishia modeli za AI, na kwenye PyTorch kazi ya kuhamisha imeshafanywa na wengine tangu toleo la 1.8 la mwaka 2021. Nikamwambia afungue tu terminali. Aliandika torch.cuda.is_available(), yaani kuuliza kama kuna kadi ya kutumia, ikajibu False. "Unaona kaka?" Nikamwambia aulize torch.version.cuda. Ikatoka namba. Maana yake alikuwa amesakinisha PyTorch kwa amri ya kawaida ya pip, na hiyo kwenye Linux humletea mtu toleo lililokompailiwa kwa ajili ya NVIDIA. Kadi yake haikuwa hata imeulizwa.

Tukaiondoa, tukasakinisha toleo la ROCm, mkusanyiko wa programu za AMD wenye HIP ndani yake. Tukaliongeza jina la kijana kwenye makundi ya Linux ya render na video, maana bila hivyo mfumo haumruhusu kuigusa kadi. Kisha jambo moja ambalo nyaraka rasmi hazilisemi kwa sauti: chipu ya kadi hii inajulikana kama gfx1031, na maktaba zilizokwisha andaliwa zinaitambua ndugu yake, gfx1030. Tukaweka HSA_OVERRIDE_GFX_VERSION=10.3.0, yaani tunaiambia ROCm ijione iko kwenye gfx1030. Maelekezo ya chipu hizi mbili yanaoana, ndiyo maana inakubali. Usichukue namba ya familia nyingine ukaibandika kwa kubahatisha, utapata programu inayoanguka bila maelezo. Na hii ni njia ya mtu binafsi kwenye kompyuta yake. Kwenye seva ya kazi naweka kadi iliyomo kwenye orodha rasmi.

Aliandika tena torch.cuda.is_available(). True. Jina la kadi: AMD Radeon RX 6700 XT. Alinyamaza, akaandika mara ya pili kuhakikisha. Neno "cuda" limebaki kwenye PyTorch kama jina tu, ili msimbo wa watu usivunjike. Chini yake kinachofanya kazi ni HIP.

Watu wengi wakifika hapa hufunga kompyuta na kusema imekwenda. Hilo linaniudhi kuliko hata lile la kwanza, na nitalikalia.

CUDA haimo ndani ya kadi, lakini imo ndani ya msimbo. Imo katika mazoea ya aliyeuandika. Zoea kubwa kuliko yote ni namba 32. Nyuzi za GPU, yaani kazi ndogondogo inazoziendesha sambamba, haziendi moja moja, zinatembea kwa vikosi, kikosi kizima kinatekeleza agizo moja kwa pamoja. Kwa NVIDIA kikosi kina nyuzi 32, hakijawahi kuwa na idadi nyingine. Kwa kadi za AMD za kizazi cha GCN, na zile za vituo vya data za CDNA kama MI250X, kikosi ni 64. Kadi za michezo za RDNA, ikiwemo hiyo ya kijana, hutumia 32 kwa kawaida. Mtu aliyeandika kwa ajili ya NVIDIA miaka kumi ameandika 32 bila kufikiri, kama anavyoandika siku saba za wiki.

Niliwahi kukabidhiwa msimbo wa kukokotoa wastani, nikauhamishia kwenye Radeon VII, ambayo kikosi chake ni 64. hipify haikulalamika. Kompaila haikulalamika. Programu ilikwenda kasi, haikuanguka, ikatoa namba nzuri zenye desimali sita. Zote zilikuwa karibu nusu ya namba sahihi. Siku mbili nilitafuta kosa kwenye usomaji wa faili. Siku ya tatu nikajaza safu kwa namba 1 tupu, 256 tu, nikajumlisha. Jibu likaja 128.

Mwandishi alikuwa amejumlisha ndani ya kikosi kwa mzunguko unaoanzia hatua ya 16, kisha 8, 4, 2, 1. Hatua hizo zinakusanya nyuzi 32 na si zaidi. Lakini mistari michache chini, alipohesabu vikosi ni vingapi, alitumia warpSize, yaani idadi ya nyuzi za kikosi kama kadi inavyoitaja, ambayo kwa uaminifu kabisa ilisema 64. Vikosi vinne, kila kimoja kikileta jumla ya nusu ya watu wake. Na hili ndilo linalonikosesha usingizi: angeandika 32 kila mahali, jibu lingetoka sahihi. Angeandika warpSize kila mahali, lingetoka sahihi vilevile. Kuchanganya ndiko kulikoharibu, na hakuna chombo kilichopiga kelele. Ndugu wa karibu wa kosa hili ni __ballot, amri inayokusanya kura ya kila uzi kwenye kikosi: kwenye HIP hurudisha biti 64, na ukiiweka kwenye kigezo cha biti 32 kwa mazoea, nusu ya kura zinapotea kimya.

Vitabu vikifika hapa vinasema "linganisha matokeo na ya awali". Sawa, lakini kwa kipimo gani? Namba za desimali kwenye GPU hubadilika kidogo ukibadilisha mpangilio wa kujumlisha, na kadi mbili tofauti hujumlisha kwa mpangilio tofauti. Nikiona tofauti kwenye tarakimu ya sita, siwezi kuthibitisha kwamba ni mpangilio tu na si kosa dogo lililojificha. Kiwango cha uvumilivu ninachoweka kwenye majaribio yangu nimekipata kwa uzoefu, sikukikokotoa, na nimewahi kukilegeza ili jaribio lipite. Sijivunii hilo. Sasa naanza na namba nzima, safu ya 1 tupu, ambako hakuna kisingizio cha desimali, ndipo niende kwenye data halisi.

Kijana alifundisha modeli yake hatua 50 kwenye CPU na hatua 50 kwenye kadi, mbegu ileile ya namba nasibu, data ileile. Hasara, yaani kipimo cha kosa la modeli, ilifuatana mpaka tarakimu ya tano mwanzoni, ikaachana kidogo kidogo. Nilimwambia inaridhisha. Akatoka nje kumpigia yule mnunuzi.

Aliporudi nilikuwa nimeona kwenye folda yake faili moja ya .cu, yaani msimbo wa CUDA, aliyoiandika mwenyewe. Nikatafuta "32" ndani yake, zikatoka sehemu 11. Kwenye kadi yake hazina shida. Lakini msimamizi wake mwenza yuko Finland na wameshaomba muda kwenye LUMI, kompyuta kubwa iliyoko huko, na LUMI ina MI250X. Tumekubaliana Jumamosi ijayo tukae tuzipitie moja moja.