Mwalimu anayedharau wanafunzi: yanayosemwa Tabora na yalivyo kweli

Tabora ni mji wa shule. Nyerere alisoma hapa, akarudi kufundisha St. Mary's, na jina la Mwalimu likamganda maisha yote. Ndiyo maana ukisema mwalimu fulani anawadhalilisha watoto, wazee wengi wa hapa wataanza kwa kumshuku mtoto. Heshima hiyo kwa walimu naipenda, ila imebeba dhana ambazo zinawaumiza wanafunzi, na kusema kweli zinawaumiza hata walimu wazuri.

Dhana: "Mwalimu ni mzazi wa pili, akisema lolote ni malezi."

Ukali na dharau si kitu kimoja. Chukua mvulana wa Kidato cha Pili aliyetoka Sikonge, amepanga geto na wenzake karibu na shule ya kata. Kwenye Hisabati amepata 12 kati ya 100. Mwalimu mmoja atamwambia, "Hesabu za sehemu hujui kabisa. Rudia mazoezi yote ya mada hii, kesho saa moja asubuhi nione daftari." Huyo ni mkali, na mzazi amshukuru. Mwingine atainua karatasi darasa zima lione: "Nyie wa kwenye tumbaku mmekuja kujaza madawati tu. Rudi ukamsaidie baba yako kwenye bani la kukaushia tumbaku." Darasa linacheka. Hapo mtoto hajafundishwa hesabu za sehemu wala nidhamu. Amefundishwa kumwonea aibu baba yake, ambaye tumbaku yake hiyohiyo ndiyo inayolipa kodi ya geto.

Dhana: "Hakumpiga, basi hana kosa."

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto, kumpa adhabu ya kikatili na kumtendea kwa namna ya kumdhalilisha. Mtoto kwa sheria hiyo ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo karibu sekondari nzima imo. Kudhalilisha hakuhitaji fimbo.

Na fimbo yenyewe ina mipaka ambayo wazazi wengi hawaijui. Kwa Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa na mkuu kwa maandishi. Viboko havizidi vinne, na adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Msichana anachapwa na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina mwalimu wa kike. Mwalimu anayepita dawati hadi dawati akichapa vichwa na migongo yuko nje ya kanuni hizo, hata kama ndivyo wewe ulivyosomeshwa.

Dhana ya wanafunzi: "Dawa yake ni kumjibu palepale."

Ukimjibu mbele ya darasa, kesi imegeuka. Kikao cha nidhamu hakitauliza tena mwalimu alisema nini, kitauliza wewe ulimjibu nini. Nyamaza, kipindi kiishe, kisha mfuate ofisini ukiwa na mwalimu wa darasa au kiranja. Maneno yawe machache: "Shikamoo mwalimu. Kwenye jaribio nilikosea, nakubali. Ila lile neno la baba limeniumiza. Naomba ukinikosoa, unikosoe kwenye hesabu." Wapo walimu wanaojirudi wakiambiwa hivi. Wapo pia watakaokufukuza ofisini, na hapo utakuwa na cha kuandika.

Dhana: "Ukilalamika, mtoto atafelishwa."

Hofu hii ndiyo inayofunga midomo ya wengi, na si ya kuipuuza. Lakini mtihani wa taifa unasimamiwa na Baraza la Mitihani, unasahihishwa na walimu wengine mbali na shule, na kwenye karatasi kuna namba ya mtahiniwa, hakuna jina. Kwa alama za ndani, kinga yake ni kutunza karatasi. Kila jaribio lililosahihishwa liwekwe kwenye faili nyumbani. Alama zikianza kushuka ghafla baada ya malalamiko, majibu yapo na mtu mwingine anaweza kuyapitia.

Dhana: "Wenyewe kwa wenyewe, watalindana tu."

Wakati mwingine hulindana kweli. Lakini malalamiko mengi hufia ofisini kwa sababu yamekuja kama lawama: "Yule mwalimu ana roho mbaya." Mkuu wa shule afanye nini na roho ya mtu? Andika hivi: "Jumanne, kipindi cha tatu, Hisabati, Kidato cha Pili B. Mwalimu alisema mbele ya darasa…" kisha maneno yenyewe kama yalivyotoka, na waliokuwepo. Barua hiyo ina kitu cha kuchunguzwa. Anza kwa mwalimu wa darasa au wa malezi, kisha mkuu wa shule. Ikikwama, nenda bodi ya shule (kwa shule ya msingi ni kamati ya shule), au kwa Afisa Elimu Kata. Kwa mwalimu wa serikali ipo pia Tume ya Utumishi wa Walimu, ambayo inashughulikia nidhamu ya walimu na ina ofisi wilayani. Kila hatua baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Dhana: "Mrekodi, mrushe mtandaoni, atanyooka."

Atakayeonekana kwenye video analia ni mtoto wako, na itazunguka kwenye magrupu mpaka amalize shule. Tena simu shuleni ni kosa, kwa hiyo aliyerekodi ndiye atakayeitwa wa kwanza.

Ngazi hizo zote ni za matusi, kejeli na ubabe. Mwalimu akimshika mwanafunzi vibaya, akimtaka kimapenzi au akimjeruhi, usianze kwa mwalimu wa darasa wala usikubali kuitwa kwenye kikao cha kuyamaliza. Nenda moja kwa moja polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.