Chango, tumbo la hedhi na zile siku za kabla

Ukiishi bweni la wasichana Dodoma, iwe sekondari au kule vilimani Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), neno "chango" utalisikia kabla wiki haijaisha. Tumbo linakata: chango. Kiuno kinavuta: chango. Mtu kanuna tangu asubuhi, maziwa yanamuuma: naye chango. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili, na kila mzigo una sababu yake na tarehe zake.

Wa kwanza ni maumivu ya hedhi yenyewe. Mimba isipotungwa, utando uliojengeka ndani ya mji wa mimba hubomoka na kutoka na damu. Unapobomoka huachia kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huufanya msuli wa mji wa mimba ujikaze. Ukijikaza mno, damu inayoulisha msuli huo hupungua, na hapo ndipo mtu hujikunja kitandani. Kemikali hizohizo huchokoza na utumbo, ndiyo maana wengine huharisha au kutapika siku hiyo. Maumivu huanza damu inapotoka au saa chache kabla, na mara nyingi huisha ndani ya siku 1 hadi 3.

Kinachowashangaza wazazi ni hiki: binti aliyevunja ungo bila shida anaweza kuanza kulia na tumbo mwaka mmoja au miwili baadaye. Hakurogwa, wala hajaanza mambo ya wavulana. Miezi ya mwanzo ovari mara nyingi hazipevushi yai. Mayai yakianza kupevuka, prostaglandini nazo huongezeka.

Mzigo wa pili ni dalili za kabla ya hedhi. Yai likishapevuka, homoni za estrojeni na projesteroni hupanda, kisha hushuka hedhi inapokaribia. Wapo ambao miili yao huyasikia mabadiliko hayo kuliko wenzao: hasira za ghafla, machozi yasiyo na sababu, usingizi kuruka, chunusi, tumbo kujaa, hamu ya vitamu. Wengi tumewahi kugombana na mtu kwenye simu Jumatatu, Jumatano damu ikatoka, tukasema "kumbe!" Damu ikishaanza, dalili hizi hupungua, na siku chache baadaye huwa zimekwisha.

Kwa hiyo kinachotenganisha mizigo hii ni kalenda. Andika nyuma ya daftari tarehe za damu, za maumivu na za hasira, kwa miezi 2 mfululizo. Huzuni ikikaa mwezi mzima bila kujali tarehe, hiyo si ya hedhi, ina jina lingine. Na kama kila mwezi siku za kabla zinakufikisha kwenye mawazo ya kujidhuru, huo ni ugonjwa wenye tiba. Usisubiri daftari lijae, nenda hospitali.

Dawa kama ibuprofeni na asidi ya mefenamiki huzuia prostaglandini zisitengenezwe, ndiyo maana kumeza mapema ni bora kuliko kungoja maumivu yapande. Panadol husaidia, ila kwa kazi hii mara nyingi ni nyepesi. Kula kwanza, na ukiwa na vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la figo, muulize mfamasia kabla ya kupokea kidonge cha rafiki. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga nayo husaidia kweli, na usiku wa Julai, upepo wa Dodoma ukivuma, hakuna wa kukucheka.

Matroni mmoja aliniambia, "Ukizaa itaacha." Kwa baadhi ya wanawake maumivu hupungua baada ya kuzaa, sikatai. Lakini nilikuwa kidato cha pili na mtihani ulikuwa kesho yake!

Kuna tumbo lisilopaswa kuvumiliwa: linalozidi mwaka hadi mwaka, linalouma hata siku zisizo za hedhi, lisilosikia dawa, au linaloambatana na damu ya kulowesha pedi kila saa. Huenda ni endometriosisi, yaani utando kama ule wa mji wa mimba umeota nje yake, au ni uvimbe. Ukifika kwa daktari usiishie kusema "nina chango". Mfungulie lile daftari, umwambie na vipindi vingapi vya darasa umekosa.