Nyuzi bapa za gitaa la besi: ni zipi, na zinamfaa nani?

Pitisha ukucha juu ya uzi mnene wa gitaa la besi, kutoka darajani kwenda shingoni. Kwa magitaa mengi yanayopigwa makanisani na kumbini hapa Arusha utasikia mkwaruzo, zzzip, maana uzi una migongo kama bati. Kwenye uzi bapa ukucha unateleza tu.

Uzi wa besi una waya wa chuma katikati, na juu yake umezungushiwa waya mwingine wa kuongeza uzito, kwa kuwa uzito ndio unaoshusha sauti. Tofauti iko kwenye huo waya wa nje. Ukiwa wa mviringo, hizo ni nyuzi za kawaida, ambazo ndizo utakazopewa dukani usipotaja aina. Ukiwa utepe mwembamba wa chuma uliolazwa ubavu kwa ubavu, hizo ni nyuzi bapa. Pakiti huandikwa flatwound, na ndilo neno la kumtajia anayekuagizia kutoka Dar au kukuletea kutoka Nairobi kupitia Namanga. Ziko pia zilizofunikwa utepe wa nailoni, mara nyingi nyeusi. Hizo ni jamii nyingine kabisa, usije ukauziwa moja kwa jina la nyingine.

Wengi hudhani nyuzi bapa ni za wazee wa jazi. Ukweli ni kwamba ndizo zilizotangulia: kampuni ya Fender ilipotoa gitaa la besi la Precision Bass mwaka 1951, lilivishwa hizo. Za mviringo zilipata nguvu baada ya 1966, kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipozitengeneza pamoja na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, aliyetaka besi yenye makali. James Jamerson, ambaye besi yake imo kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit, alibaki na nyuzi bapa nene za kampuni ya La Bella na wala hakuwa na haraka ya kuzibadilisha. Na kama bado unaona ni nyuzi za muziki wa taratibu, Steve Harris, mpiga besi wa bendi ya Iron Maiden, anapiga roki nzito kwa nyuzi bapa.

Sasa sauti. Uzi wowote ukipigwa hutoa noti yenyewe pamoja na sauti nyembamba zinazoifuata juu yake. Uzi bapa hutoa chache za zile nyembamba, na hizo chache huzimika mapema. Kinachobaki ni noti nene, ya mviringo, yenye mwanzo wa "dum" badala ya "tang". Kidole kinapohama shingoni hakilii. Kwa rumba ya taratibu, rege, nyimbo za kwaya zinazotembea polepole na muziki wa dansi wa zamani, mimi sioni kinachozishinda. Kwa mtu wa kupiga sebene kwa kasi na kuchapa nyuzi kwa kidole gumba, hapana. Atazichukia kabla ibada haijaisha.

Kuna jambo ambalo watu hulikosa, na ndilo linalowafanya wazirudishe haraka. Uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukipigwa wazi bila kubanwa na kidole hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika nyingi ndogo haziwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Kwa nini basi tunaisikia besi kwenye spika hizo? Kwa sababu sikio hukamata zile sauti nyembamba za juu na kuijaza noti yenyewe. Ukifunga nyuzi bapa umezipunguza hizohizo, na kwenye mitambo dhaifu besi inapotea. Mpiga kinanda naye, kwa mkono wa kushoto, anakanyaga noti zilezile unazocheza wewe. Mwalimu wa kwaya atageuka kukuuliza, "Kaka, umezima?" Dawa si kuongeza besi kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, maana hapo ukumbi utanguruma na noti hazitatofautika. Mwambie fundi mitambo apandishe sauti ya kati kidogo, kwenye mitetemo mia saba au mia nane hivi kwa sekunde, na mwenzako wa kinanda apunguze mkono wa kushoto. Hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Ukishaamua kununua, usiangalie namba za unene peke yake. Namba kama 45 hadi 105 ni elfu za inchi, na zinakwambia unene, hazikwambii mkazo. Utepe hujaza nafasi ambazo waya wa mviringo huziacha wazi, kwa hiyo seti mbili za namba ileile zinaweza kutofautiana sana chini ya vidole, na bapa kwa kawaida ndiyo hukaza zaidi. Seti ya La Bella ya 52 hadi 110 ni ya mtu mwenye vidole vya kazi. Jazz Flats za Thomastik-Infeld wa Vienna zinajulikana kwa ulaini na bei yao inauma. Chromes za D'Addario zina mng'ao kidogo, na kwa anayetoka kwenye nyuzi za kawaida ningeanzia hapo.

Bei yake mara nyingi ni maradufu ya za kawaida, au zaidi. Lakini za mviringo hushika jasho na uchafu kwenye mifereji yake, na kwa joto la Moshi au vumbi la barabara zetu za pembeni hufa mapema. Bapa hazina mifereji ya kuficha uchafu. Futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, zitakaa miaka. Ule mtindo wa kuchemsha nyuzi kwenye sufuria zipate uhai, kwa hizi uache.

Kabla ya kufunga, pima kutoka darajani hadi kipande cha mfupa kilicho juu ya shingo. Besi nyingi zina inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. Ukinunua seti fupi au ndefu kuliko gitaa lako, ile sehemu yenye uzi wa rangi mwishoni itaangukia mahali pabaya. Na usikate uzi ukiwa umenyooka. Ukunje kwanza kwa pembe kali karibu na ufunguo, kisha kata mbele ya kunjo. Vinginevyo utepe unaweza kulegea kuzunguka waya wa ndani na uzi ukawa bubu. Mkazo ukiongezeka shingo nayo hupinda, kwa hiyo baada ya siku chache mpelekee fundi akaze chuma cha ndani ya shingo.

Zilizotumika usizidharau. Mpigaji aliyejaribu akakata tamaa mara nyingi huziuza bei ya kutupa, na nyuzi bapa za mwaka mmoja zina sauti nzuri kuliko mpya. Angalia tu kama zilikatwa kwa gitaa lenye funguo zilizopangwa kama zako. Uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, uliokatwa mfupi haufungiki kwenye gitaa ambalo funguo zake zote nne ziko upande mmoja.